Sataranji ya Sinema na Sataranji ya Kweli

Kijana mmoja wa hapa Tunduma ametuletea suali, na kwa kuwa twaona lina faida kwa wengi tumependa kulijibu katika ukurasa huu badala ya kumjibu peke yake. Asema kwamba ameona katika sinema nyingi watu wakicheza sataranji, na kila mara mchezo humalizika kwa namna moja: bingwa amekaa kwa majivuno, mara mwenzake asukuma kete moja, atamka kwamba mfalme amekwisha, na bingwa yule hutoa macho kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha shuleni kwao ukaletwa ubao wa sataranji, akafundishwa, na sasa auliza: mbona mchezo wenyewe haufanani na ule wa sinema? Akaongeza la pili, ambalo ndilo hasa lililotushikisha kalamu: ikiwa wamesema uwongo katika jambo dogo kama hili, ni mangapi mengine aliyoyaona humo akayasadiki?

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Wako watakaotulaumu kwa kuutaja mchezo huu. Hukumu yake wanavyuoni wamekhitalifiana. Wengi wameukataza, na mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kuwa makuruhu, maadamu hapana kamari ndani yake wala haumpitishi mtu wakati wa Sala. Mwenye kutaka zaidi na amuulize shekhe wake. Sisi leo twazungumza juu ya namna mambo yanavyoonyeshwa, na namna yalivyo.

Wala sataranji si mgeni kwetu, kama vijana wanavyodhani kwa kuiona mikononi mwa Wazungu. Ilitoka Bara Hindi, ikapita Uajemi, Waarabu wakaipokea, na jina tulilonalo katika Kiswahili limekuja kwa njia hiyo hiyo. Katika Baghdad ya Bani Abbas walikuwako mabingwa waliotunga vitabu juu yake. Mmoja wao, Abu Bakr as-Suli, aliyefariki Basra mwaka 946, alimshinda mbele ya Khalifa al-Muktafi yule bingwa aliyekuwa akipendelewa katika baraza. Kete ambayo Wazungu huiita malkia, kwa Waarabu ni waziri, na ile wanayoiita askofu kwa Waarabu ni ndovu. Hata lile neno la ushindi wanalolitamka kwa Kiingereza asili yake ni "shah mat", yaani mfalme hana hila tena.

Sasa tuje kwenye makosa. Ubao wa sataranji una vyumba 64, vyeupe na vyeusi, na kanuni ni kwamba chumba cha pembeni mwa mkono wa kuume wa mchezaji kiwe cheupe. Mtoto aliyefundishwa siku moja alijua hili. Lakini katika sinema ubao huwekwa ubavu, na mfalme na malkia hubadilishana mahali, kwa sababu aliyeupanga ni mtu wa kupamba chumba wala si mchezaji. Kosa lililo kubwa zaidi ni lile la ghafla. Mabingwa hawashtuliwi na kifo cha mfalme. Wao hukiona kinakuja mbali, kama dereva wetu wa lori anavyoiona foleni ya mpakani kabla hajafika Tunduma mjini, na aghlabu mmoja hutoa mkono akakiri kushindwa kabla mambo hayajafika huko. Tena mchezo wa mabingwa huweza kuchukua saa nne au tano, na sehemu kubwa ya saa hizo ni watu wawili waliojishika vichwa. Nani atanunua tiketi kutazama hayo?

Hata wale wanaojitahidi hukwaa. Katika sinema ya James Bond ya mwaka 1963, ile ya "From Russia with Love", watengenezaji walichukua mchezo wa kweli, ambao Boris Spassky, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1969, alimshinda David Bronstein mjini Leningrad mwaka 1960. Jambo zuri hilo. Lakini waliondoa askari wawili wa katikati ya ubao, na walipoondoka wale ile hila ya Spassky ikapoteza uthabiti wake. Mtazamaji wa kawaida haoni kitu. Mwenye kujua ni kama anayesikia msomaji akiruka aya mbili.

Asiyejua sataranji atasema, yanini kelele zote hizi kwa vijiti vya mbao? Basi hebu tulichukue bao letu wenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja huanza akiwa na kete 22 mkononi, akanamua moja moja, ana nyumba yake ya kuilinda, na hafiki kwenye mtaji mpaka zile za mkononi ziishe. Ni hesabu tupu. Lakini tazama michezo ya kuigiza na matangazo ya biashara wanapotaka kuonyesha wazee wa Kiafrika wamepumzika: wazee wawili wamewekewa bao, nao wadondosha kete huku na huku kama wanaowapa kuku mahindi. Tukiona hivyo sisi hukasirika, na ni haki yetu. Basi mwenye sataranji naye ana haki yake, na daktari, na rubani, na mwenye kazi yoyote. Katika sinema hata lori huvuka mpaka kwa kupunga mkono! Watoto wa Tunduma na wenzao wa Nakonde, waliozaliwa wakiyaona malori yamepangana siku nenda siku rudi, hucheka sana wanapoona hayo.

Hatusemi kwamba wote ni wazembe. Mwaka 2016 ilitoka sinema ya "Queen of Katwe", iliyoongozwa na Mira Nair, juu ya binti wa Kiganda Phiona Mutesi aliyejifunza sataranji katika mtaa wa Katwe mjini Kampala kwa mwalimu Robert Katende, pahali ambapo watoto walivutwa pia na kikombe cha uji. Binti huyo alisafiri na wenziwe kwenda Juba mwaka 2009 kwenye mashindano ya watoto wakarudi na ushindi, na mwaka 2010 akaichezea Uganda katika mashindano ya mataifa nchini Urusi. Sinema haikuficha kwamba huko Urusi alishindwa akavunjika moyo, na hilo twalisifu, kwani sinema nyingi hazivumilii shujaa ashindwe na watu asiowachukia. Upungufu wake ni kwamba miaka imekunjwa kama nguo katika sanduku ili itoshe muda wa saa mbili, na watu wa Katwe, ambao nyumbani husema Kiganda, karibu yote huyasema kwa Kiingereza. Tumewasikia vijana wakidhani kwamba ndivyo wasemavyo maskini wa Kampala.

Lakini kisa tunachotaka msomaji akikumbuke ni cha mwaka 2020. Ilitoka hadithi ya sinema yenye sehemu saba, "The Queen's Gambit", juu ya msichana wa Kimarekani wa kubuniwa aliye bingwa wa sataranji. Watengenezaji hawa waliogopa aibu ya ubao uliopinda, wakawaajiri Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, na mwalimu mashuhuri Bruce Pandolfini. Kila kete ikawa mahali pake. Kumbe kosa lilikuwa katika maneno. Katika sehemu ya mwisho mtangazaji amtaja Nona Gaprindashvili, ambaye si wa kubuniwa, bali ni mwanamke wa Georgia aliye hai, bingwa wa wanawake wa dunia tangu mwaka 1962 hadi 1978, na mwanamke wa kwanza kupewa daraja kamili ya ubingwa mkuu. Mtangazaji adai kwamba mama huyu hakupata kukabiliana na wanaume. Na kweli ni kwamba kufikia mwaka 1968, ambao ndio mwaka wa hadithi hiyo, alikwisha cheza na makumi ya wanaume, wakiwamo mabingwa wakubwa. Hata kitabu cha mwaka 1983 ambacho hadithi ilitokana nacho kilisema kinyume cha sinema. Waligeuza ili msichana wao wa kubuni aonekane wa kwanza.

Bibi huyo, umri umepita miaka 80, alikwenda mahakamani Marekani mwaka 2021 akidai dola milioni 5. Wenye sinema wakajitetea kwamba hii ni hadithi tu. Jaji akakataa kuifuta kesi, akaeleza kwamba kuwa hadithi hakumpi mtu ruhusa ya kumsingizia aliye hai, na mwaka 2022 wakapatana nje ya mahakama. Tazama basi: vyumba 64 vilisahihishwa na bingwa wa dunia, na heshima ya binadamu mmoja ikakosa wa kuisahihisha.

Tukitoka kwenye mchezo tuje kwenye uhai. Ni sinema ngapi zimeonyesha mtu aliyeumwa na nyoka, mwenzake akatoa kisu, akapasua jeraha, akafyonza sumu na kuitema, na jioni mgonjwa amepanda farasi? Vijana wetu wanaokwenda kuchuma kahawa Mbozi wameyaona hayo. Waganga wa hospitali wameeleza mara nyingi kwamba kupasua na kufyonza hakufai, na kufunga kamba kwa nguvu huweza kukiua kiungo chenyewe. Linalotakiwa ni kumtuliza mtu, kumvua pete na kila kinachobana, kukiacha kiungo kisitikisike, na kumkimbiza hospitali kwenye dawa ya kupinga sumu.

Hata kimondo chetu hakikusalimika. Hapa mkoani Songwe, katika kijiji cha Ndolezi wilayani Mbozi, liko pande la chuma lililotoka mbinguni, urefu kama mita 3, uzito zaidi ya tani 10, ambalo wenyeji walilijua kabla wageni hawajaliandika mwaka 1930. Watoto waendapo kulitazama huuliza, shimo lake liko wapi, na moto uliwaka wapi? Kwani katika sinema kila jiwe la mbinguni huanguka likiwaka na kuchimba shimo la kutisha. Kimondo cha Mbozi hakina shimo linaloonekana, na mawe mengi madogo ya aina hiyo hufika chini yakiwa ya baridi au vuguvugu tu, kwani huungua ngozi ya nje peke yake kwa muda mfupi wanaopita hewani. Wako watoto waliorudi nyumbani wakisema kwamba kimondo cha Ndolezi ni cha uwongo, kwa sababu hakifanani na cha sinema!

Na sinema zetu wenyewe za Kiswahili? Humo mna nikaha inayofungwa bila walii wala mashahidi, mjane anayekwenda harusini siku ya tatu akiwa amejipamba, na shekhe mwenye tasbihi aliyeketishwa kando ya kibuyu cha mganga kama kwamba ni kazi moja. Mwenye kuandika hadithi hakuona haja ya kuuliza msikiti wa jirani.

Walitujia mume na mke, vijana, mtoto mgongoni. Mume alikuwa amegombana na mkewe akatamka talaka mara tatu, kwa maneno yale yale na kwa kidole kilichonyooshwa vile vile alivyoona katika sinema. Tulipomwuliza alikusudia nini, alijibu, "Maalim, mimi nilijua ni maneno ya hasira. Yule wa kwenye sinema asubuhi walikula pamoja." Mke alikuwa akilia bila sauti, na mtoto akichezea ushungi wake. Sisi ni walimu wa chuo, hatukuthubutu kusema neno katika jambo hilo. Tuliwapeleka kwa mwenye elimu kuliko yetu. Lakini usiku ule hatukulala vizuri, kwa kufikiri kwamba kijana yule alisoma kwetu juzuu nyingi, na fikihi ya ndoa akaipata katika kibanda cha video.

Vibanda hivyo vina tatizo lake pia. Sinema za kigeni hufasiriwa na wale waitwao ma-DJ, na wengine wana kipaji kikubwa cha maneno. Lakini asilolijua DJ hulijaza mwenyewe, na hivyo kosa la Mmarekani hupata nyongeza la Mswahili. Sataranji huitwa drafti, dua huitwa uganga, na watazamaji, wengi wao madereva na mataniboi wanaongoja karatasi za forodha, huondoka na yote mawili.

Hatuwaambii wazazi wavunje televisheni, na hata tukisema hatutasikilizwa. Twawaambia wakae na watoto wao watazame pamoja, na jambo likiwa la ujuzi waliulizie kwa mwenyewe. Muuguzi yuko mtaani, aulizwe habari za nyoka. Dereva yuko baraza ya pili, aulizwe habari za mpaka. Mambo ya ndoa na talaka yaulizwe kabla ya hasira, si baada yake.

Ama wewe kijana uliyetuuliza, mwalimu wako wa shule amekufundisha sawa. Chumba cheupe kiwe mkono wako wa kuume, na malkia mweupe asimame juu ya chumba cheupe, mweusi juu ya cheusi. Na adhana ikisikika, ziache kete pale pale zilipo, utazikuta.