Programu za saikosisi zisizo na muuguzi zisiruhusiwe

Programu ya simu inayodai kumsaidia kijana aliyeanza kupata dalili za saikosisi, kama kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ilhali hakuna muuguzi anayesoma majibu yake, haifai kuruhusiwa Kenya. Wakala wa Afya Dijitali na Wizara ya Afya watamke hivyo kabla soko halijafurika.

Simu inaweza kusaidia, hilo hatulikani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walibuni programu iitwayo Actissist, inayomuuliza kijana kuhusu sauti zinazomsumbua, shaka kwamba watu wanamwandama, bangi, kujitenga na hisia ya kulaumiwa, kisha kumpa mbinu za kukabiliana na hali hiyo papo hapo, bila kungoja siku ya kliniki. Jaribio lake la kwanza lilikuwa na watu 36 tu. Huko Melbourne, Australia, huduma ya mtandaoni ya Horyzons ilijaribiwa kwa vijana 170 kwa miezi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti katika lengo kuu, yaani maisha ya kijana miongoni mwa watu, ingawa walioitumia walikimbilia huduma za dharura mara chache zaidi. Tena vijana hao walikuwa wameshatibiwa katika kliniki maalumu, na wataalamu waliendelea kuwafuatilia humo mtandaoni. Anayetuletea programu isiyo na muuguzi asijifiche nyuma ya matokeo hayo.

Tumuulize jambo moja. Kijana wa Kayole akiandika saa nane usiku kwamba sauti zinamwamrisha ajidhuru, ujumbe huo unamfikia nani? Kama anachojibiwa ni kuvuta pumzi polepole, huyo ametelekezwa.

Kuna la siri pia. Saikosisi inaweza kumfanya mtu aamini kwamba anachunguzwa. Programu inayopeleka habari zake kwa wafanyabiashara inaigeuza hofu hiyo kuwa kweli. Mwaka 2023 Marekani iliitoza BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni, dola milioni 7.8 kwa kuwapa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za afya za wateja wake. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Afya Dijitali ya 2023. Zisibaki makabatini.

Masharti yawe wazi. Kila programu iwe chini ya kliniki inayojulikana, yenye muuguzi wa zamu, usiku na mchana. Iandike Kiswahili anachoongea kijana, na isimalize bando lake. Ridhaa iombwe kwa maneno ambayo hata mama yake ataelewa. Taarifa zisiuzwe kwa yeyote, na mgonjwa akitaka zifutwe, zifutwe.

Magavana nao wasitafute njia ya mkato. Saikosisi ikikaa muda mrefu bila matibabu, kupona huwa kugumu zaidi, na kijana anayezungushwa kutoka kwa mganga hadi kwenye maombi anahitaji mtu wa kumpima na dawa zisizokatika katika hospitali ya karibu, si safari ya hospitali ya akili ya Mathari pekee. Kaunti itakayonunua programu kabla ya kuajiri muuguzi wa afya ya akili itakuwa imefuja pesa za umma, na Mkaguzi Mkuu wa Serikali aiandike hivyo kwenye ripoti yake.