Sekunde 40 si Falsafa

Kila nikisoma habari za PO-33 nakutana na wimbo ule ule. Kifaa kina kumbukumbu ya sekunde 40 tu, lakini usijali ndugu yangu, uchache huo ndio utakaokuamsha akili. Ati vikwazo huzaa ubunifu. Ati mwenye vingi hafanyi lolote. Leo nataka kuupinga wimbo huo, na naupinga nikiwa mtu anayekipenda kifaa chenyewe. Ninacho hapa mezani ninapoandika haya.

Kwa asiyekijua, tuanze mwanzo. Sampla ni mashine inayonasa kipande cha sauti yoyote ile, kisha ikakuachia uipige sauti hiyo kwa vitufe kama ala ya muziki: juu, chini, mbele, kinyumenyume. PO-33 ilitolewa mwaka 2018 na Teenage Engineering, kampuni ya Stockholm, Uswidi. Ukiiona utadhani ni kikokotoo kilichovuliwa nguo. Ubao wa saketi uko wazi, kuna kioo kidogo chenye katuni zinazochezacheza, vitufe, na betri mbili nyembamba za AAA mgongoni. Ina maikrofoni yake na spika yake. Huwashi tarakilishi, husubiri programu ijisasishe, huulizwi nenosiri. Unabonyeza, unanasa, unapiga.

Na kwa hayo naisifu bila kusita. Nafasi za sauti ni 16. Nane za kwanza ni za ala: ukinasa noti moja tu, kifaa kinaitandaza juu na chini ya ngazi ya muziki. Nane za mwisho ni za midundo: ukinasa milio kadhaa mfululizo, kinaikata chenyewe na kuigawa kwenye vitufe. Ruwaza ni 16, kila moja ina hatua 16, na unaweza kuziunga hadi 128 mfululizo. Nimewahi kukwama kwenye foleni ya Thika Road ndani ya matatu, nikanasa mlio wa mlango, sarafu za kondakta na honi ya jirani, nikashuka mjini nikiwa na mdundo mzima. Tarakilishi yangu, pamoja na programu zake zote, haijawahi kunipa raha ya aina hiyo.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Wanaohubiri baraka za uchache hupenda kuwataja mafundi wa hip hop wa Marekani. Mnamo 1987 kampuni ya E-mu ilitoa sampla ya SP-1200, yenye nafasi ya kunasa sekunde kama 10 tu kwa jumla, na kwa sekunde hizo zilitengenezwa nyimbo zinazosikilizwa mpaka leo. Hiyo ni kweli tupu. Lakini ulizeni walifanyaje. Walichukua sahani ya santuri ya mwendo wa 33, wakaichezesha kwa mwendo wa 45 ili kipande kirefu kiingie katika sekunde chache, kisha wakakishusha tena ndani ya mashine. Ndugu zangu, huyo si mtu anayeushukuru ukuta. Huyo anautoboa! Kumbukumbu ilikuwa ghali mno wakati ule, basi. MPC60 ya Akai ilipotoka mwaka 1988 ilikuwa na sekunde kama 13, na unaweza kulipia ziada ukafika 26. Kama uchache ungekuwa ndio siri ya muziki mzuri, nani angelipia ziada hiyo?

Mwaka 2018 sababu ya bei haikuwa na uzito ule tena. Mimi ni mwandishi wa programu, hesabu hizi nazifanya kila siku. Sekunde 40 za PO-33, kwa ubora wake wa sauti ulio chini kuliko wa CD, hazifiki hata megabaiti moja. Picha moja uliyopiga kwa simu yako asubuhi hii huenda ni kubwa kuliko kumbukumbu yote ya sauti ya kifaa hiki. Tukubaliane basi kwamba ule ulikuwa uamuzi wa kupunguza gharama ili kiuzwe dola 89, yaani kama shilingi 9,000 za mwaka ule kabla ya usafiri na ushuru. Ni uamuzi halali wa biashara, nami siulaumu. Ninacholaumu ni sisi wasomaji kuugeuza dini.

Na mwenye duka mwenyewe hakuiamini dini hiyo. Novemba 2023 kampuni ile ile ilitoa ndugu mkubwa wa kifaa hiki, EP-133, kwa dola 299. Kumbukumbu megabaiti 64, nafasi za sauti 999, na tundu la USB-C. Sikusikia mtu akilia kwamba ubunifu umekufa.

Ngoja niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka fulani nilikwenda nyumbani Kilifi nikiwa na PO-33 mfukoni. Nikanasa mchi wa nyanya ukigonga kinu, sekunde nne hivi. Nyanya akaacha kutwanga, akakitazama kidude, akauliza, "Na hicho nacho chala nini?" Nilikuwa bado nimebonyeza kitufe, kwa hiyo swali lake nalo likanaswa, na kicheko chake mwishoni. Nilirudi Nairobi nikiwa na hazina. Baada ya wiki chache nilikuwa natengeneza mdundo usiku, kumbukumbu ikajaa, nami nilitaka nafasi ya ngoma. Nikapima: mchi nauhitaji, maneno siyahitaji katika wimbo huu. Nikafuta maneno. Kifaa hakina njia ya kurudisha kilichofutwa. Nyanya hatunaye tena, na mlio wa kinu chake ninao mpaka leo.

Kosa ni langu, sikitupii kifaa. Ningeweza kuhifadhi nakala. Lakini usiku ule niliamini kabisa wimbo wa vikwazo na ubunifu. Nilijiona msanii anayefanya uchaguzi mgumu, kumbe nilikuwa mtu anayefuta sauti ya nyanya yake kwa sababu ya megabaiti moja.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitajwi sana, nacho kwetu ni kikubwa kuliko cha sekunde. Ruwaza ina hatua 16. Kumi na sita hugawanyika kwa nne bila shida, na ndiyo maana hip hop inakaa humo kama mkono ndani ya mfuko. Lakini chakacha ya Pwani inakwenda kwa sita kwa nane, mapigo yanatembea kwa tatu tatu, na 16 haigawanyiki kwa 3. Kifaa kina vionjo 16 vya kubadili sauti, na kionjo cha 13 kinaupinda mdundo ufuate sita kwa nane. Nilipokigundua nilifurahi kama mtoto. Ila kinapinda ulichokwisha kukiandika kwa nne, hakikupi ukurasa wa kuandikia kwa tatu. Kwa hiyo mtu anaposema kikwazo hiki kitakufungua akili, muulize: akili ya muziki gani? Kila kikwazo kina aliyekiweka, na huyo alikuwa na muziki wake masikioni alipokuwa akikiweka.

Najua mtakachojibu. Mtasema kwamba ukiwa na programu yenye sauti elfu kumi unaweza kumaliza jioni nzima ukichagua ngoma moja. Kweli, yamenikuta mara nyingi. Lakini dawa yake ni wewe mwenyewe kusema: leo natumia sauti nane tu. Kikomo hicho unaweza kukiondoa kesho ukikutana na jambo ambalo hukulitarajia. Kilichochomelewa kwenye saketi hakikusikilizi.

Basi, je, ninunue nisinunue? Kama unataka kitu cha kukuondolea uvivu, kinachoingia mfukoni na kufanya kazi umeme ukipotea, kinunue, hutajuta. Kama unataka kifaa cha kutengenezea albamu, au unategemea kuhifadhia sauti za watu wako, acha kabisa. Na ukinunua, fuata kanuni hii: simu iwe ghala, PO-33 iwe jiko. Nasa kila kitu kwa simu kwanza, kisha ukipeleke kwenye kifaa kwa waya. Halafu jifunze njia yake ya kuhifadhi nakala, ambayo kwa kweli ni ya ajabu. Haina USB, kwa hiyo data yake yote huitoa kwa njia ya sauti kupitia tundu la spika za masikioni, nawe ukairekodi kwa kinasa chochote. Rekodi kwa WAV, usitumie MP3, maana kubana sauti kunaweza kuharibu data. Hapo naivua kofia kampuni, kwa sababu wahandisi wake walikutana na kikwazo wakatafuta pa kupitia.

Hivyo ndivyo walivyofanya wale wa santuri pia. Walikitazama kikwazo, hawakukipenda, wakafanya kazi. Nasi tufanye kazi, lakini tusiombwe makofi kwa ajili ya ukuta. Na kabla hujafuta chochote usiku wa leo, tafadhali, kisikilize kwanza mpaka mwisho.