Ualbino, Istilahi na Wajibu wa Shule Binafsi: Maoni kutoka Bukoba na Muleba

Katika miongo miwili iliyopita, wanaharakati na wataalamu wa lugha wamefaulu kwa kiasi kikubwa kuliondoa neno "zeruzeru" katika matumizi rasmi na kulisimika mahali pake "mtu mwenye ualbino", istilahi inayomtanguliza mtu kabla ya hali yake. Hata hivyo, ni maoni yetu kwamba istilahi imetangulia na matendo yamebaki nyuma.

Mwezi Mei 2024, mtoto wa miaka 2 mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba. Mabaki ya mwili wake yalipatikana mwezi Juni. Wapo watakaosema kuwa watoto hawa wahifadhiwe katika shule maalumu za bweni. Usalama ni sharti la kwanza, na shule kama Mugeza Mseto, mjini Bukoba, zimeubeba mzigo huo. Lakini mtoto akitengwa na wenzake, wenzake nao hukua bila kumjua, na ushirikina hustawi palipo na kutojuana.

Hapa ndipo shule binafsi zinapohusika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kuandikishwa katika shule za umma na za binafsi. Kuandikishwa, hata hivyo, si kusaidiwa. Upungufu wa melanini huathiri macho pamoja na ngozi, na uoni hafifu unaotokana nao kwa kawaida hauishi kwa miwani pekee. Mwanafunzi asiyeuona ubao huandika polepole, akahesabiwa kuwa mzito wa akili. Shule inayowachuja wanafunzi kwa wastani wa alama humwondoa mapema, na sababu huandikwa kuwa ni "uwezo mdogo". Hilo nalo ni suala la lugha.

Yanayohitajika si makubwa: dawati la mbele lisilopigwa na mwanga wa dirisha, maandishi makubwa tangu mtihani wa kujiunga, kofia pana na mikono mirefu katika sare, michezo kivulini.

Idara zetu ndizo zinazowaandaa walimu wa Kiswahili wa shule hizo. Hivyo basi, somo letu lisiishie kwenye istilahi: mwalimu afunzwe pia kuandika ubaoni kwa herufi kubwa, na kukisoma kwa sauti kila anachokiandika.