Jua linapokula mafotei ya saloni

Juma hili tunazungumza juu ya madirisha, na sababu yake ni mama mmoja wa kikundi chetu. Mwezi uliopita alitaka kuuza saloni yake ili alipe minervali ya mtoto wa sekondari. Mafotei yale aliyanunua alipofikiwa na zamu yake ya likelemba: velu nyekundu, mbao za libuyu, kazi ya fundi anayejua kazi. Mnunuzi akaja, akakaa, akasifu. Kisha akainua kitambaa cha mgongoni. Chini ya kitambaa velu ilikuwa nyekundu kama siku ya kwanza. Pembeni ilikuwa imegeuka rangi ya tofali. Akavuta fotei kutoka ukutani, akakuta wekundu wote umebaki nyuma. Bei ikashuka karibu nusu, na mama akakubali kwani shule haikuwa ikimngojea.

"Madamu," alituambia, "miaka mine napangusa vumbi kila asubuhi, kumbe adui alikuwa jua."

Hatukumcheka. Sisi wenyewe tulishaliwa, na kwa kosa la ujinga zaidi. Tulipoona tapisi ya saloni inapauka, tulimwita kijana anayebandika fime kwenye vioo vya magari, akatubandikia ile nyeusi kabisa kwenye dirisha la magharibi. Tulidhani kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyozuia. Kiangazi cha pili haikuisha, fime ilikuwa imegeuka zambarau na kujaa mapovu. Tapisi iliendelea kupauka. Na watoto, ambao zamani walifanyia kazi zao za masomo kwenye meza ya dirishani, walihamia kizingiti cha mlango wakiwa na madaftari magotini. Hilo ndilo lililotuuma, kwani kutwa nzima tunawaambia wazazi wa wanafunzi wetu wawape watoto mahali penye mwangaza.

Jambo lenyewe liko hivi. Rangi ya kitambaa inavunjwa na mwanga, kama kitenge kinavyochoka upande mmoja kikianikwa juani kila juma. Mwanga wote unachangia, na joto pia, lakini ulio mkali kuliko wote ni ule usioonekana kwa macho, unaoitwa ultravioleti. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia sehemu ya ultravioleti inayochoma ngozi haraka. Sehemu nyingine nyingi inapita na kuingia saloni. Hapa Bukavu tuko kwenye mita 1500 hivi juu ya bahari, karibu na ikweta, na mlimani ultravioleti ina nguvu kuliko bondeni. Ubaridi wa lac unatudanganya kwamba jua ni pole.

Mbao nazo hazisalimiki. Muvula ikiwa mpya ina umanjano, mwanga unaigeuza kahawia, na pale ulipoweka kitambaa cha mezani panabaki alama ambayo hata vernisi haifichi vizuri.

Filimu ya dirisha iliyo nzuri inaweza kuzuia karibu ultravioleti yote, 99 kwa mia, na tena inaweza kuwa nyeupe kabisa, unaona nje kama hakuna kitu. Dawa ya kuzuia imo ndani ya plastiki na gundi, haimo katika weusi. Weusi unapunguza mwanga unaoonekana na kuungua kwa macho, basi. Filimu ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia inazuia joto vizuri na jirani haoni ndani mchana. Lakini usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, yeye anaona ndani na wewe huoni nje. Kwa hiyo rido hutaitupa. Na tusiuziane ndoto: filimu hairudishi rangi iliyokwisha kwenda, na hata iliyo bora inachelewesha kupauka tu, haikuzuii kabisa, maana mwanga wa kawaida bado unaingia.

Utajuaje kama muuzaji anasema kweli? Wabadilishaji wengine wa pesa wana ile taa ndogo ya rangi ya urujuani ya kupimia dola. Noti ya dola 20 ya kweli ikiwekwa chini yake, uzi uliomo ndani unang'aa kijani. Omba kipande cha filimu, kiweke katikati ya taa na noti. Uzi ukizimika au ukififia sana, filimu inafanya kazi. Ukiendelea kung'aa vilevile, rudisha pesa mfukoni. Tulifanya hivyo na vipande vitatu, na kilichokuwa cheusi kuliko vyote ndicho kilichoshindwa.

Kubandika kunataka uvumilivu kuliko ufundi. Filimu inakaa upande wa ndani. Osha kioo mpaka vumbi lote liishe, kwani chembe moja ya mchanga inafanya povu ambalo utalitazama miaka yote. Nyunyizia kioo maji yenye sabuni kidogo, nyunyizia na gundi ya filimu, iweke, isogeze mpaka ikae sawa, kisha sukuma maji kwa mpira kutoka katikati kwenda pembeni. Ukungu unaobaki utakauka wenyewe kwa siku kadhaa au majuma. Kwa mwezi mmoja usioshe kioo hicho, na baadaye tumia kitambaa laini na sabuni, usitumie dawa yenye amonia. Kioo kilichokwisha pata ufa usikibandike: kinapata moto zaidi, kinaweza kupasuka. Na vile vioo vyenye maua maua ya kukwaruza haviishiki filimu upande wa maua.

Si lazima ubandike nyumba nzima. Madirisha ya mashariki na magharibi yanapigwa mwaka mzima, na jua la saa tisa, saa kumi linaingia chini chini mpaka katikati ya chumba. La kaskazini linapigwa wakati wa kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, kwani jua la saa sita linainama upande huo. La kusini linapata zamu yake mwezi wa kumi na mbili. Simama saloni saa tisa uone jua linamkalia nani.

Mama asiye na pesa ya filimu ana ya kufanya pia. Shonea rido kitambaa cheupe kwa nyuma, uifunge saa jua linapoingia tu, halafu uifungue. Badilisha mafotei nafasi kila miezi mitatu ili yachoke sawasawa. Mnunuzi wetu asingeona tofauti. Vitambaa vya mgongoni viondolewe au viwe vikubwa vya kufunika fotei lote, maana vile vidogo ndivyo vinavyochora ramani.

Katika kikundi tumeona afadhali kununua pamoja. Rolo kubwa kwa kawaida ina upana wa mita 1 na sentimita 52, na mama mmoja mwenye dirisha moja atalipia vipande vya kutupa. Atakayependa kuingia alete vipimo siku ya posho: urefu na upana wa kila kioo ndani ya chuma chake, si wa dirisha zima, na aongeze sentimita 3 kila upande. Aandike pia dirisha linatazama wapi. Taa ya dola tumeshaahidiwa kuazimwa.