Mashimo Tuliyoyafukia: Kumkumbuka Rider Haggard

Likizo iliyopita nilikwenda kumjulia hali babu yangu mzaa mama, mwalimu mstaafu ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma lakini kumbukumbu yake haijamtupa. Aliniuliza ninasomea nini hasa katika shahada hii ya uzamili. Nikamjibu, kwa majivuno kidogo, kwamba ninachunguza riwaya ya Kiswahili. "Basi umeisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, mjukuu wangu," akasema, wala hakuwa akiuliza. Nikatahayari. Jina hilo nilikuwa nimelikuta katika orodha za tafsiri za kale, mstari mmoja baina ya mistari mingine, nikalipita.

Mzee hakunisuta. Alinisimulia kisa kizima, tangu ramani ya Mreno José da Silvestra hadi jiwe linaloshuka na kuwafungia wasafiri ndani ya hazina. Alipofika kwa Kapteni Good, anayekutwa na Wakukuana akiwa amenyoa upande mmoja wa uso, miguu mitupu, na meno ya bandia yanayoonekana na kutoweka kinywani, alicheka hadi akafuta machozi. Kitabu hicho alikisoma akiwa mvulana wa shule katika miaka ya 1950. Nami nilijiuliza: ni riwaya ngapi kati ya hizi tunazozitahini leo ambazo wasomaji wake watazicheka hivyo baada ya miaka sabini?

Kwa wasiomjua, Henry Rider Haggard alizaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Norfolk, Uingereza. Akiwa kijana wa miaka 19 alipelekwa Natal kumtumikia gavana, na mwaka 1877 alikuwamo katika msafara wa Theophilus Shepstone ulioitwaa Transvaal kwa niaba ya Malkia. Aliporudi kwao akasomea sheria. Yasemekana ndugu yake alimwekea dau kwamba hawezi kuandika kitabu kinachokaribia Treasure Island cha Stevenson, kilichotoka mwaka 1883. Haggard akaketi, na kwa muda wa majuma sita hivi akawa amemaliza King Solomon's Mines. Kilichapishwa mwaka 1885, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa nakala 31,000. (Waandishi chipukizi na wasikie hili: alikuwa karibu kuuza haki zote kwa pauni 100 taslimu, karani mmoja wa mchapishaji akamnong'oneza achukue asilimia ya mauzo. Sijui kama makarani wa namna hiyo wangalipo.) Aliandika vitabu zaidi ya 50 kabla ya kufariki mwaka 1925.

Lakini kilichonishtua zaidi katika kumsoma upya si Natal wala almasi. Ni Lamu. Riwaya yake ya Allan Quatermain, iliyotoka mwaka 1887, huanzisha safari yake papa hapa kwetu, katika nyumba ya balozi wa Uingereza mjini Lamu. Kutoka hapo wasafiri wanapanda Mto Tana kwa mitumbwi, wanashambuliwa na Wamaasai usiku, wanapigana vita vya alfajiri kumwokoa binti wa mmishenari, kisha wanaupita Mlima Kenya. Haya hayakutungwa hewani. Ndugu yake Haggard, John, aliyezoeleka kwa jina la Jack, alikuwa amewahi kuwa balozi mdogo huko Lamu katika miaka ya 1880, na ndiye aliyempa mwandishi habari nyingi za Wamaasai. Nyingine alizitoa katika kitabu cha safari cha Joseph Thomson cha mwaka 1885.

Basi tazama alichokiona na asichokiona. Mwaka 1858, chini ya miaka 30 kabla ya riwaya hiyo, Mwana Kupona alikuwa ametunga utendi wake katika visiwa hivyo hivyo. Al-Inkishafi ilikuwa imekwisha kutungwa kitambo. Mji ulikuwa umejaa washairi, wanazuoni na mafundi wa nakshi. Haggard hakumpa hata mmoja wao nafasi ya kuwa mtu. Kwake Lamu ni gati tu, mahali pa kukodi watu na kupakia bunduki. Na shujaa mweusi wa safari, Umslopogaas mwenye shoka, ni Mzulu aliyeletwa kutoka kusini. Halafu, ng'ambo ya Mlima Kenya, anatuwekea nini? Ufalme wa watu weupe, Zu-Vendis, wenye makasri ya mawe na malkia wawili! Jiwe lililochongwa barani Afrika, kwa fikra zake, sharti liwe na mwenyewe kutoka kwingine.

Fikra hiyo ndiyo iliyomo katika Mashimo pia. Ilikuwa imeenea tangu Carl Mauch alipofika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871 akayahusisha na Malkia wa Sheba. Na hapa kuna sadfa ambayo kila nikiikumbuka hunifanya nitabasamu kwa uchungu. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba katika magofu hayo na kuthibitisha, kama alivyokuwa amesema David Randall-MacIver mwaka 1905, kwamba waliojenga ni Waafrika wenyewe. Mwaka huo huo wa 1929, tafsiri ya Kiswahili ya Mashimo ya Mfalme Sulemani ikatoka, ili mtoto wa Afrika Mashariki ajifunze kusoma lugha yake kwa hadithi inayompa Sulemani kazi ya mababu zake.

Mfasiri alikuwa Frederick Johnson. Huyu si mtu wa pembeni katika historia ya lugha yetu. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, na katibu wake wa kwanza akawa Johnson. Kamusi zilizobeba usanifishaji ule zina jasho lake. Hadithi ya Allan Quatermain ikafuata mwaka 1934, mwaka ule ule wa Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela. Kwa hiyo kizazi cha kwanza kilichosoma nathari ndefu katika Kiswahili sanifu kilionjeshwa riwaya, kwa sehemu kubwa, kwa kijiko cha Haggard na Stevenson. Sidai kwamba Muhammed Said Abdulla alimwiga Haggard alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, wala kwamba Elvis Musiba alimhitaji ili amuumbe Willy Gamba. Ninachodai ni kwamba hamu ya kufungua ukurasa unaofuata ilikuwa imekwisha kupandwa kwa msomaji, na aliyeipanda hatumtaji.

Nilipoleta wazo hili katika semina, mhadhiri mmoja ninayemheshimu sana aliuliza kwa nini tumpotezee mkoloni wino ilhali Katama Mkangi mwenyewe hajasomwa ipasavyo. Swali ni la haki. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka 2025, alimtaja Haggard miongoni mwa waandishi waliomtoa mtoto wa Kiafrika katika ulimwengu wake na kumtia katika ulimwengu wa wengine. Sina la kupinga. Kifo cha Foulata peke yake chatosha: msichana mweusi anampenda Good, naye mwandishi anamuua, na kumfanya akate roho akikiri mwenyewe kwamba penzi hilo halingewezekana. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake umpe. Na kabla hatujampa Haggard haki yake, tuitazame methali yenyewe: imetoka katika uadui wa watu wa pwani yetu na jirani zao wa bonde la Tana, na sisi tunaikariri darasani pasi na kuona haya. Lugha haibagui mikono iliyoichafua. Haki ninayoizungumzia ni hii: karibu na mwisho wa Mashimo, Ignosi, mfalme mpya wa Wakukuana, anawaambia rafiki zake wazungu kwamba hataruhusu wafanyabiashara wa bunduki na pombe waingie nchini mwake, wala wahubiri watakaowaandalia njia wavamizi. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1885, mwaka uliomalizika Mkutano wa Berlin, na mtu aliyeshuhudia bendera ya Uingereza ikipandishwa Pretoria. Haggard alijua walichokuwa wakikifanya. Je, kijana wa Tanganyika au Kenya aliyeyasoma maneno ya Ignosi katika lugha yake, mwalimu wa serikali akiwa amesimama mbele ya darasa, aliyapokeaje? Nilimuuliza babu. Akasema hotuba hiyo walikuwa wakiigiza nje, wakati wa mapumziko, na kila mvulana alitaka kuwa Ignosi. Good hakumtaka mtu yeyote, kwa sababu ya kuvua suruali.

Jibu hilo ni tasnifu nzima, na waliobaki wa kulitoa wanazidi kupungua kila mwaka. Tunao wanafunzi wanaoandika juu ya nadharia ya upokezi kwa kunukuu wasomaji wa Ujerumani, ilhali wazee waliosoma Mashimo chini ya miembe yao wenyewe hawajahojiwa. Tafsiri hizi zinastahili nafasi katika kozi ya historia ya riwaya, zisomwe sambamba na Walenisi ya huyo huyo Mkangi, ambayo nayo ni safari ya kwenda nchi isiyojulikana, tuone safari hiyo inageuka nini inapoongozwa na mtu wa kwetu.

Kwa sasa kazi yangu imekwama mahali padogo sana. Nimetafuta Hadithi ya Allan Quatermain katika maktaba tatu. Katika moja kadi ipo, kitabu hakipo. Kwa muuza vitabu vikuukuu nilipata jalada tupu. Mwenye nakala, hata kama mchwa wamekwisha kuionja, namwomba aniazime kwa siku mbili tu nitoe nakala, nami nitairudisha kwa mkono wangu.