Amana na Mtaji

Yasemekana na wengi, hata katika vyumba vya mihadhara, kwamba benki ndogo hufa kwa sababu watu wadogo hawajui fedha. Neno hili husemwa kwa upole, kama tabibu ataarifuye kifo cha mgonjwa mkongwe, na kwa sababu ya upole huo hupita bila kuulizwa. Yafaa liulizwe.

Januari 4, 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki 5 kwa siku moja. Miongoni mwao ilikuwamo benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera, yenye makao yake Bukoba. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa mtaji. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi, na kwa kanuni za wakati ule fidia ya kila mweka amana haikuzidi shilingi 1,500,000. Mwenye zaidi ya hapo alipaswa kungoja mali ya benki iuzwe na madeni yake yakusanywe. Kiwango hicho baadaye kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Lakini hiyo ni faraja ya watakaofiwa kesho.

Mkulima wa Muleba aliyeuza kahawa yake ya maganda akapeleka fedha Bukoba hakupeleka mtaji. Alipeleka amana. Maneno haya mawili hukaa jirani katika vitabu vya hesabu, ilhali katika lugha yako mbali sana. Mtaji hutafuta faida, nao hukubali hasara tangu mwanzo. Amana hairuhusiwi kupotea, na aipotezaye kwa makusudi huitwa haini, hata awe na shahada ya uhasibu. Katika nchi ya Wahaya, ambako zamani watu wawili walifunga udugu wa damu kwa kula buni, tofauti hii haihitaji mwalimu.

Nje ya benki yuko mnunuzi wa butura. Huyu hufika wakati karo ya shule yadaiwa na mbuni ungali katika maua, hutoa fedha mkononi, na kwa bei yake mwenyewe huichukua kahawa ambayo haijaiva. Viongozi wamemlaani mara nyingi, na kulaani ni kazi nyepesi. Yeye hajapata kufutiwa leseni, maana hana. Benki ya wakulima ni miongoni mwa vyombo vichache ambavyo vingeweza kumpunguzia wateja. Ilipofungwa, mlango wake yeye ulibaki wazi.

Watetezi wa mtaji watajibu kwamba benki isiyo na mtaji ni hatari kwa wote, na kwamba Benki Kuu ingekosea kama ingeiacha. Hapo hapana wa kubishana nao. Kosa lao huanza wanapougeuza mtaji kuwa cheti cha tabia njema.

Mwaka 2013, Stanbic ya Tanzania na dada yake wa London, Standard Bank, ziliitafutia serikali ya Tanzania mkopo wa dola za Marekani milioni 600. Dola milioni 6, yaani asilimia 1, zililipwa kwa kampuni ya Kitanzania iitwayo EGMA, na sehemu kubwa ikatolewa taslimu katika muda mfupi. Novemba 30, 2015, mahakama ya London iliidhinisha mapatano kuhusu kosa la kushindwa kuzuia rushwa: Standard Bank ilipe dola milioni 25.2, na zaidi ya hizo fidia ya dola milioni 7 kwa Tanzania, nayo mashtaka yasimamishwe. Mtaji haukupungua hapo. Benki ya wakulima ilikosa fedha, ikafa, na msiba ukabebwa na wenye amana. Benki ya wakubwa ilikosa uaminifu, ikalipa, na asubuhi ikafungua milango kama kawaida.

Kijana msomi atokaye Muleba kwenda chuo kikuu, kisha kwenye maghorofa ya benki Dar es Salaam, hujifunza haya upesi kuliko masomo yake. Huweza kuona kwamba afisa husifiwa siku mkopo utolewapo, si siku ulipwapo, na kati ya siku hizo mbili amekwisha pandishwa cheo na kuhamishwa. Kutaka makuu si dhambi. Baba aliyeuza kahawa ili mwana asome alitaka makuu pia. Lakini baba yule alikaa na deni lake kibanjani mpaka likaisha.

Aprili 2025 ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika Tanzania, na mkulima wa Kagera ataombwa tena alete akiba. Swali lake la kwanza lisiwe riba. Na aulize ni nani atakayejibu siku fedha zikikosekana, na kama mtu huyo ameweka humo akiba yake mwenyewe, kupita kiwango kilindwacho na bima.