Tapeli wa dhahabu hahitaji mgodi, ahitaji afisa wa kumfumbia macho

BEI ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa aunsi mnamo Oktoba 2025, kwa mara ya kwanza katika historia, wachimbaji wadogo wa Migori na Kakamega walikuwa na sababu ya kutabasamu. Huenda waliotabasamu zaidi ni watu wasiowahi kushika sururu: matapeli wa Nairobi, ambao kwa miaka mingi wamewauzia wageni vipande vya madini duni vilivyopakwa rangi, wakidai ni dhahabu kutoka Congo.

Mbinu zao si siri tena. Mgeni hulakiwa kwa heshima katika ofisi yenye zulia zito, mtaa wa kifahari. Huonyeshwa masanduku na kuruhusiwa kupima kipande kimoja, ambacho kwa hakika ni dhahabu. Baadaye huarifiwa kuwa shehena imezuiliwa uwanja wa ndege hadi ushuru ulipwe. Hulipa ushuru, kisha bima, kisha ada ya ghala, na shehena haiondoki. Mei 2019, sakata ya aina hiyo iliyohusishwa na wanunuzi wa Dubai iligeuka mjadala wa taifa zima.

Kila kisa kama hicho kinapofichuka, lawama huelekezwa kwa tamaa ya aliyetapeliwa. Tamaa ipo, hakuna anayekana. Lakini tamaa pekee haielezi kwa nini ulaghai hustawi mji mmoja na kudumaa mji mwingine ilhali dhahabu ni ile ile. Jawabu lilionekana wazi zaidi ya karne moja iliyopita, katika mbio za dhahabu za Klondike, kaskazini-magharibi mwa Canada.

Dhahabu hiyo iligunduliwa Agosti 1896. Habari zilipofika Seattle Julai 1897, inakadiriwa watu 100,000 walifunga safari. Waliofika hawakufikia nusu, na waliopata dhahabu ya maana walikuwa wachache mno. Fedha zilibaki njiani, kwa wenye meli, wauza majembe na wenye mabaa.

Mlango mmoja wa kuelekea huko ulikuwa Skagway, bandari ya Alaska, katika ardhi ya Marekani. Hapo ndipo alipojikita Jefferson Smith, aliyejulikana kama Soapy, yaani Sabuni. Jina alilipata miaka ya awali kwa kuuza vipande vya sabuni mbele ya umati, akijifanya kufungia noti za dola ndani ya karatasi za baadhi yavyo. Walioibuka na noti daima walikuwa watu wake.

Skagway, baa ya Smith ilikuwa ofisi, benki na mtego. Vijana wake waliwapokea wageni gatini, wengine wakijifanya wafanyabiashara, na kuwaongoza hadi kwenye pata potea. Inasimuliwa pia kwamba genge lake lilifungua ofisi ya telegramu, msafiri akilipa dola tano kutuma ujumbe nyumbani, ilhali nyaya ziliishia nyuma ya ukuta. Telegramu yenyewe ilifika Skagway mwaka 1901.

Ajabu ni kwamba Smith hakujificha. Alichangia makanisa na maskini, akaunda kikosi cha wanamgambo na kujiita kapteni, na mnamo Julai 4, 1898 akaandamana hadharani katika sherehe za uhuru wa Marekani. Aliyepaswa kumkamata, naibu wa mkuu wa polisi wa serikali kuu, alishukiwa kuwa mfukoni mwake.

Siku chache baadaye, mchimbaji aliyetoka Klondike alinyang'anywa mfuko wa dhahabu wa dola zipatazo 2,700. Alipiga ripoti, asisaidiwe. Raia walijikusanya, na jioni ya Julai 8 Smith akauawa kwa risasi gatini. Mpima ardhi Frank Reid, aliyefyatuliana naye risasi, alifariki siku 12 baadaye kutokana na majeraha. Sehemu kubwa ya dhahabu iliyoibwa ilipatikana ndani ya kasha la Smith.

Ng'ambo ya milima, mji wa Dawson ulikuwa na mabaa yale yale, kamari ile ile na utajiri zaidi. Lakini polisi wa Canada, chini ya Sam Steele, walipiga marufuku kubeba bastola mjini na kufunga mabaa kila Jumapili. Mkorofi alipasua kuni za polisi au alifukuzwa mjini. Smith hakuthubutu kuhamishia biashara yake huko.

Si kwamba Dawson ilikuwa pepo. Wahudumu wa baa walipima vumbi la dhahabu kwa vidole vilivyolowa ili chembe zinate, na katika ofisi ya kusajili migodi aliyetoa chochote alihudumiwa kwanza. Hata hivyo, huo ulikuwa wizi wa kudokoa. Skagway, wizi ndio uliokuwa serikali.

Tofauti hiyo ndiyo ya kupimia Nairobi. Mgeni anayeonyeshwa stakabadhi zenye mihuri ya forodha, au anayesindikizwa na gari lenye king'ora, hadanganywi na tapeli peke yake. Ama mihuri imeghushiwa na hakuna anayefuatilia, ama si ya kughushi. Idara ya upelelezi hutangaza kukamatwa kwa washukiwa mara kwa mara, pamoja na picha za masanduku. Baada ya picha huja dhamana, kisha kuahirishwa kwa kesi, na kwa mlalamishi anayeishi ng'ambo kila tarehe mpya ni tiketi nyingine ya ndege. Washukiwa wenyewe huhitaji teksi tu kufika mahakamani.